Jina Attanasio: linatoka wapi, na maana yake ni nini?

Huku Kivu ya Kaskazini, wengi tulisikia jina Attanasio tarehe 22 Februari 2021. Siku hiyo balozi wa Italia, Luca Attanasio, aliuawa karibu na Kibumba, barabara ya Goma-Rutshuru, pamoja na mlinzi wake Vittorio Iacovacci na dereva Mustapha Milambo.

Attanasio ni jina la jamaa, linapatikana sana kusini mwa Italia. Linatoka kwa neno la Kigiriki, Athanasios, ni kusema «asiyekufa». Kwanza lilikuwa jina la ubatizo, kwa heshima ya Mtakatifu Athanasius, askofu wa Alexandria, aliyefariki mwaka 373. Nyuma watoto wakalirizi kama jina la jamaa.

Kwetu lilifika kwa njia ya Kifaransa: Athanase. Kama jirani yako anaitwa hivyo, yeye na balozi yule wako na jina moja.