Karata za Taroti na Ushahidi wa Historia

Maneno ni mashahidi wa historia. Mchezaji wa karata wa pwani yetu hutaja kopa, shupaza, uru na pao, na akiwa na karata ya kushindia huiita turufu; lakini wachache wajua kwamba maneno hayo yametokana na lugha ya Wareno. Kwao kopa ni vikombe, shupaza ni panga, uru ni dhahabu na pao ni magongo. Vikombe, panga, sarafu na magongo ndizo alama nne za karata za taroti, ambazo watu wengi wa Ulaya na Marekani huzitumia kupigia ramli. Tuzichungue basi, msomaji, tuone jinsi zinavyofasiriwa, kisha tuulize kama asili yake ni ile inayosimuliwa.

Jozi moja ya taroti, yaani fungu zima, ina karata 78. Karata 56 zimegawanyika kwa zile alama nne. 22 zilizobaki zina picha za pekee, kama vile Jua, Mwezi, Mauti na Mnara. Mpiga ramli huzichanganya, akazipanga mezani, akaeleza maana yake. Aliye hodari haisomi karata moja peke yake, bali huitazama pamoja na jirani zake. Mauti ikikaa kando ya Jua, aweza kusema kwamba dhiki yakoma na faraja yaja. Ikikaa kando ya Mnara unaoporomoka, aweza kutabiri maangamizi. Karata ni ile ile; jirani ndiye aliyeibadili maana.

Sasa fanya hesabu. Karata ya kwanza yaweza kuwa yoyote katika 78, ya pili katika 77, na ya tatu katika 76. Kwa hiyo karata tatu tu zaweza kupangwa kwa njia 456,456. Kitabu gani kitaeleza maana ya kila mpango? Mpiga ramli hana budi kutunga hadithi mwenyewe, na uso wa mtu aliyeketi mbele yake humsaidia sana.

Mafundisho hayo yalitoka wapi? Mwaka 1781 Antoine Court de Gébelin, mwanachuoni wa Ufaransa, alichapisha madai kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale, kilichofichwa ndani ya mchezo. Hakuleta hati hata moja. Mfaransa mwingine, Jean-Baptiste Alliette, aliyeligeuza jina lake kinyumenyume akajiita Etteilla, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1770 juu ya ramli ya karata za kawaida, na maana ya karata za cheo kimoja zitokeapo pamoja. Kati ya 1783 na 1785 alitoa mafundisho ya taroti, naye pia akayaegemeza juu ya Misri.

Siku zile hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Misri ya kale. Basi nani angebisha? Mwaka 1822 Jean-François Champollion aliifumbua siri ya maandishi hayo. Tangu hapo yamesomwa makaburini na mahekaluni, wala kitabu cha taroti hakikuonekana. Hati za kweli zilikuwa Italia. Karata hizo zatajwa katika kumbukumbu za mtu mmoja wa Florence za mwaka 1440, na katika hesabu za jumba la watawala wa Ferrara za mwaka 1442. Jina lake la kwanza lilikuwa trionfi, yaani ushindi, neno lenye asili moja na turufu yetu. Karibu zote katika zile karata 22 zilikuwa turufu za mchezo: kazi yake ilikuwa kuzishinda nyingine, si kutabiri.

Hatusemi kwamba Court de Gébelin alikuwa mwongo. Huenda aliyaamini aliyoyaandika. Lakini kuamini si kuthibitisha. Mwanahistoria naye huunganisha mambo kama mpiga ramli: hati na hati, neno na neno, chombo kilichofukuliwa na masimulizi ya wazee. Tofauti ni hii, kwamba ushahidi waweza kumkatalia mwanahistoria, bali karata haimkatalii mtu.

Kwa hiyo, msomaji, ukisimuliwa asili ya mji wako, ya ukoo wako au ya taifa lako, usivutwe na uzuri wa hadithi peke yake. Uliza: ni nani aliyeshuhudia? Yaliandikwa lini? Ni shahidi gani mwingine akubalianaye? Tena uliza swali lililo gumu kuliko yote: kitu gani kikionekana kesho, msimulizi atakubali kuiacha hadithi yake? Akijibu kwamba hapana, jua kwamba hukusimuliwa historia, umepigiwa ramli.