Futari ya Mababu ni Ipi?



Kila Ramadhani ugomvi wa jikoni ni ule ule. Ukisema tupunguze mafuta na sukari, utajibiwa: "Wataka kutuharibia chakula cha mababu!" Haya, hebu tuwatazame hao mababu walikula nini.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Morocco alipita pwani hii. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli na michuzi ya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na tangawizi mbichi. Akastaajabu: mtu mmoja wa mji ule hula chakula cha kundi zima, na miili yao ni minene! Alipofika Mombasa, alikuta chakula kikubwa cha watu ni ndizi na samaki.

Sasa angalia sinia yako. Muhogo wa nazi? Viazi karai? Muhogo na viazi asili yake ni Amerika, havikuweko huku kabla ya Wareno, waliofika Mombasa 1498. Sambusa ililiwa Baghdad zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Chapati na bajia ni za Wahindi. Na sukari je? Kiwanda cha Miwani, karibu na Kisumu, kilianza 1922, na cha Ramisi, kule Kwale, 1927.

Umeona? Kila kizazi kilibadilisha sinia yake. Nasi tukibadilisha kwa ajili ya afya, tunafuata njia yao, hatuwavunjii heshima.

Na haja ipo. Nyumba ngapi leo hazina mgonjwa wa kisukari au presha? Babu aketi na wajukuu, kaimati zimelowa shira mbele yake, naye awekewa kibakuli chake kando. Wafuturu pamoja, lakini hawali pamoja. Yaani tumempikia kila mtu isipokuwa yeye.

Basi jaribuni haya:

- Muhogo na viazi vichemsheni kwa tui jepesi badala ya kukaanga. Vipande viwe vichache, maana wanga nao hugeuka sukari mwilini.
- Sambusa zipakeni mafuta kidogo, mzioke kwa oveni. Ndani zidisheni kabichi na karoti.
- Chapati changanyeni na unga wa atta.
- Kaimati zinyunyizieni shira kidogo, msizizamishe. Iliki itasaidia harufu.
- Sukari ya chai na uji punguzeni kidogo kidogo kila wiki. Ulimi huzoea.

Mwenye kisukari amuone daktari kwanza kabla ya kufunga.

Na kama twataka futari ya asili kweli kweli, twaijua: Mtume (S.A.W.) alifungua kwa tende, akikosa alikunywa maji. Akatufundisha pia tumbo tuligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Mapishi yamebadilika mara nyingi, mafunzo hayo hayajabadilika.

Leo jioni, mpikieni babu kwanza, kisha nyote kuleni alichopikiwa yeye.

Ramadhan Kareem.