Bendera Yetu ya Rangi Tatu: Historia Fupi

Nimepewa siku mbili tu kuandika haya, maana sherehe yetu Wazanzibari wa Zegereni ni Januari 12 na bendera yenyewe bado iko kwa fundi.

Kabla ya rangi tatu ilikuwepo nyekundu tupu, ya Sultani. Desemba 10, 1963, Mwingereza alipoondoka, katikati yake pakawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili. Ilipendeza, sitasema uongo. Ilipepea mwezi mmoja na siku mbili.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalianza na bendera ya nyeusi, manjano na buluu. Haikudumu hata mwezi. Ndipo ikaja yetu: buluu juu, nyeusi kati, kijani chini. Rangi hizi hazikuokotwa njiani. Zilikuwa za Afro-Shirazi, chama kilichozaliwa Februari 5, 1957, na wazee wetu walizibeba mikutanoni wakati wenzetu wa chama cha Hizbu wakitamba na jogoo wao. Buluu ni bahari, nyeusi ni watu, kijani ni ardhi. Mimi husema buluu ilikaa juu kwa heshima ya Mzee Karume, aliyepata kuwa baharia. Hakuna aliyenithibitishia, wala aliyenibishia.

Dunia ilitutambua kwa mafungu. China na Urusi hawakuchelewa. London na Washington walituacha barazani mpaka Februari 23. Sisi nasi tukawa wa kwanza Afrika kuitambua Ujerumani Mashariki, nchi ambayo yenyewe ilikuwa ikifungiwa mlango kila ilipobisha hodi, na bendera yake ya nyundo na bikari ikapepea Unguja. Walilipa fadhila: nenda Kikwajuni na Kilimani ukazitazame fleti. Mengine ya siku zile, wenye kuyajua wanayajua. Mimi nimeombwa habari za kitambaa.

Aprili 26 tukaungana na Tanganyika. Bendera ya Muungano ilichukua buluu kwetu na manjano kwao. Nyeusi na kijani sote tulikuwa nazo. Yetu ikakunjwa, nayo haikuwa imetimiza miezi mitatu.

Yaliyofuata, kwa ufupi: 1977, Afro-Shirazi na TANU, chama cha Bara, wakaungana kuwa CCM. 1984, Katiba ya Zanzibar. 1995, timu yetu ya soka ikawa bingwa wa Kombe la Chalenji. 2004, Baraza la Wawakilishi likapitisha sheria ya bendera. Januari 2005, chini ya Rais Amani Karume, mtoto wa yule baharia, rangi tatu zikapanda tena. 2017, shirikisho la soka la Afrika, CAF, likatupokea Machi, likatutoa Julai.

Bendera hii ya 2005 imebeba bendera ya Muungano pembeni juu, upande wa mlingoti, na hapo ndipo fundi wetu alipoteleza. Ndani ya kile kibendera kidogo, kijani ndicho hukaa juu, kikiegemea mlingoti. Yeye ameweka buluu. Nimemrudishia asubuhi. Ameniambia, "Shikamoo mzee, nafumua jioni."