Epijenetiki ya vimeng'enya vya antioksidanti katika saratani

Epijenetiki ya vimeng'enya vya antioksidanti katika saratani ni namna jeni za vimeng'enya vinavyoilinda seli dhidi ya madhara ya oksijeni zinavyozimwa au kuwashwa katika seli za saratani, bila mpangilio wa DNA kubadilika.

Vimeng'enya vinavyohusika

Seli inapotumia oksijeni kupata nishati, hutokea pia kemikali zenye madhara, hasa superoksaidi. Superoksaidi dismutasi, ambayo kazi yake ilitambuliwa na Joe McCord na Irwin Fridovich nchini Marekani mwaka 1969, huigeuza kuwa haidrojeni peroksaidi. Kisha katalasi huivunja kuwa maji na oksijeni. Ndiyo sababu ya povu linaloonekana maabara ya shule kipande cha ini kinapotiwa kemikali hiyo. Vimeng'enya vya jamii ya glutathioni transferasi huunganisha sumu na glutathioni ili zitolewe mwilini.

Jinsi jeni zinavyozimwa

Njia inayojulikana zaidi ni kubandikwa kwa vikundi vya methili kwenye DNA, mahali jeni inapoanzia kusomwa. Nyingine ni mabadiliko ya histoni, yaani protini ambazo DNA imezizunguka. Jeni hubaki nzima, lakini haisomwi. Mwaka 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba jeni ya GSTP1 huzimwa hivyo katika saratani ya tezi dume.

Kinyume chake hutokea pia. Protini KEAP1 huizuia NRF2, ambayo huwasha jeni nyingi za kinga. Jeni ya KEAP1 ikizimwa, kama katika baadhi ya saratani za mapafu, seli ya saratani hupata kinga ya ziada na kuhimili dawa.

Afrika Mashariki

Sumukuvu (aflatoksini) hutokana na kuvu wa mahindi na karanga, mazao yanayolimwa pia Tabora. Ini huigeuza kuwa kemikali inayong'ang'ania DNA, isipodakwa kwanza na glutathioni transferasi. Utafiti wa Taiwan uliochapishwa mwaka 2005 ulihusisha kuzimwa kwa GSTP1 katika saratani ya ini na mabaki ya sumu hiyo kwenye DNA. Nchini Tanzania, mlipuko wa sumukuvu wa mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara uliua watu 20. Hatari ya saratani ya ini huwa kubwa zaidi kwa mwenye hepatitisi B. Kinga ni kukausha mazao vizuri, kutupa yaliyoota ukungu na kupata chanjo ya hepatitisi B.

Matibabu

Vikundi vya methili vinaweza kuondolewa. Azasitidini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa magonjwa ya uboho, hufanya hivyo, ingawa haichagui jeni moja. Vidonge vya antioksidanti ni jambo lingine: nchini Ufini, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kwamba wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa.