Dirisha la Studio

Msomaji mwema, ukaapo Kitale au Bungoma kutazama michezo ya dunia katika televisheni, macho yako humfuata mwanariadha, wala hapana wa kukulaumu. Lakini kabla ya mbio na baada yake huonyeshwa chumba: meza, viti, taa, na nyuma ya watangazaji dirisha kubwa ambamo mji wa wenyeji wa michezo huonekana. Chumba hicho hakikuota kama uyoga. Kila kipande chake kiliwekwa na mtu aliyekusudia kukufanya ujione uko mahali fulani. Historia yake ni fupi, walakini ina mafunzo, na sehemu yake moja inamhusu mtu wa nyumbani kwetu.

Mfano u karibu. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yalitokana na mkusanyo wa Hugh Stoneham, mtu aliyependa sana elimu ya viumbe. Kipepeo aliyewekwa ndani ya kioo ni kipepeo wa kweli. Lakini hakujichagulia mahali pale, wala jirani yake, wala maandishi yaliyo chini yake. Mandhari ya studio ni kioo cha namna hiyo: huonyesha, na papo hapo huchagua.

Olimpiki ya Berlin ya mwaka 1936 ndiyo ya kwanza kuonyeshwa moja kwa moja kwa televisheni. Watu walikusanyika katika kumbi za mji ule wakatazama. Kwa kuwa watazamaji walikuwa katika mji uleule wa michezo, hapakuwa na haja ya kuwafungulia dirisha. Haja ilizaliwa umbali ulipoingia kati. Mwaka 1960 michezo ilikuwa Roma, na Abebe Bikila wa Ethiopia akashinda marathoni bila viatu. Picha zilipelekwa Marekani kwa ndege, na mtangazaji Jim McKay aliketi katika studio mjini New York akisimulia mambo yaliyotendeka ng'ambo ya bahari. Meza ya studio ikawa daraja baina ya uwanja na nyumba ya mtazamaji.

Sasa tuje kwetu. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, zilikimbiwa mbio za mita 1,500. Benjamin Jipcho, mtu wa Mlima Elgon katika iliyokuwa wilaya ya Bungoma, alitoka mbele kwa kasi kubwa, akamaliza mzunguko wa kwanza kwa sekunde 56 hivi. Alijitoa ili mwenzake, Kipchoge Keino, apate kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Ryun akawa wa pili, Jipcho akawa wa 10. Kituo cha setilaiti cha Longonot kilikuwa hakijafunguliwa. Kilifunguliwa mwaka 1970. Kwa hiyo jamaa za Jipcho hawakuweza kuziona mbio zile papo hapo. Wa mbali waliona. Wa nyumbani walingoja habari.

Jipcho hakubaki kuwa mtu wa kuwavutia wengine kasi. Tarehe 4 Septemba 1972, mjini Munich, Keino alikuwa wa kwanza na Jipcho wa pili katika mbio za kuruka viunzi na maji. Alfajiri iliyofuata watu wenye silaha waliingia katika kijiji cha wanariadha, na Waisraeli 11 wakapoteza maisha. Jim McKay, safari hii akiwa Munich kwenyewe, aliketi saa nyingi katika studio iliyotengenezwa kwa ajili ya michezo, akaitumia kutangaza msiba. Hapo ilidhihirika kwamba chumba kile si pambo tu: watu hukiamini wakati wa furaha, na hukitegemea wakati wa majonzi.

Maadamu hukiaminiwa, hapana budi tukichungue. Mwaka 2010, Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, BBC ya Uingereza iliweka studio yake Cape Town, mbele ya Mlima wa Meza. Mlima ule ulikuwa wa kweli. Lakini fainali ilichezwa Johannesburg, mbali sana na hapo. Mwaka 2021, Olimpiki ya Tokyo iliyokuwa imeahirishwa kwa sababu ya maradhi ya korona ilipofanyika, watangazaji wa BBC walikaa Salford, Uingereza, na Tokyo iliyoonekana nyuma yao ilitengenezwa kwa kompyuta. Tarehe 8 Agosti Eliud Kipchoge alishinda marathoni si Tokyo bali Sapporo, kilomita 800 hivi kutoka mji ule. Basi mji wa dirishani haukuwapo nje ya chumba, na mbio zenyewe hazikuwa katika mji ule.

Je, huo ni uongo? Tusihukumu kwa haraka. Ushindi wa Kipchoge ulikuwa wa kweli, na kuwaacha wafanyakazi nyumbani wakati wa maradhi ni busara. Pambo halina kosa likijulikana kuwa pambo. Kosa huanza mtazamaji anapolichukua pambo kuwa ushahidi, au anapodhani kwamba asiyewekwa katika picha hakuwapo. Anayeutazama mwaka 1968 kwa jicho la meza ya washindi atamwona Keino peke yake, na atamsahau mwana wa Mlima Elgon aliyeubeba mzunguko wa kwanza.

Tarehe 1 Juni 2024 sikukuu ya Madaraka iliadhimishwa Bungoma, katika uwanja wa Masinde Muliro, na kamera za taifa zikaelekezwa kwetu. Yamkini siku moja wewe, msomaji, ndiwe utakayeulizwa ni kitu gani kiwekwe nyuma ya mtangazaji. Ukiuweka Mlima Elgon, utakuwa umefanya vizuri. Lakini ukumbuke pia kumtafutia nafasi mtu aliyetoka mlimani humo akakimbia mbele ili mwenziwe ashinde. Na hata siku hiyo isipofika, kila uonapo dirisha la studio, tazama kwa furaha, kisha uliza: mbio zilikimbiwa wapi, na ni nani aliyevuta kasi?