Tukihitilafiana, Turudi kwa Nani?



Hapa Kihesa tuliwahi kuketi katika kamati ya ujenzi yenye Mhehe, Mbena, Mkinga mwenye duka, Msomali na kijana aliyesomea Uarabuni. Kazi ilisimama, na si kwa kukosa saruji. Wengine walitaka mchango ukusanywe siku ya maulidi, wengine wakasema fedha hiyo isiingie msikitini. Mzee mmoja akauliza: "Masheikh, tulipoanza tuliafikiana kwamba tukihitilafiana turudi kwa nani?" Tukanyamaza.

Sayyidna Uthman (r.a.) alilijibu swali hilo kabla kazi haijaanza. Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) alirejea kutoka vita vya Armenia na Azerbaijan akiwa na hofu, kwani Waislamu walikuwa wakizozana juu ya visomo vya Qur'an. Khalifa akateua watu wanne wa kunakili Mus-haf: Zayd bin Thabit, ambaye ni Ansari, pamoja na Maquraishi watatu, Abdallah bin Zubayr, Said bin al-As na Abdurrahman bin al-Harith. Anayeyajua ya Saqifa ataona kwamba kuwaketisha Ansari na Maquraishi pamoja halikuwa jambo dogo. Akawaelekeza kuwa wakihitilafiana na Zayd, waandike kwa lugha ya Kiquraishi. Imepokewa kwa az-Zuhri kwamba walihitilafiana kweli katika neno "tabut": Zayd akitaka liishie kwa haa, wenzake kwa taa. Wakampelekea Khalifa, likaandikwa kwa taa, kazi ikaendelea. Wala si kwamba wote waliridhika. Ibn Mas'ud (r.a.) huko Kufa alichukia kuachwa nje ya kazi ile, naye ni katika wasomaji wakubwa wa Qur'an.

Mji wetu wa Iringa nao una kumbukumbu yake. Mwaka 1945 iliasisiwa East African Muslim Welfare Society chini ya ulezi wa Aga Khan, Sultan Muhammad Shah. Ilikusanya Ismailia na Sunni, Waafrika, Wahindi na Waarabu, kuanzia Kenya na Uganda hadi kwetu. Ilijenga misikiti na shule, na Aga Khan alichangia sawa na kile walichochanga Waislamu wenyewe. Lakini mwenye kutoa fedha na mwenye wafuasi wengi, nani husikilizwa wakigombana? Mwaka 1968 baadhi ya mikoa, Bukoba ikiwa mbele, ilijitoa. Desemba mwaka huo mkutano uliofanyika hapa Iringa ukaunda BAKWATA, na mwezi huohuo serikali ikaipiga marufuku jumuiya ile nchini Tanzania. Wapo wanaoutazama mkono wa serikali peke yake, na wapo wanaozitaja kasoro za jumuiya peke yake. Sisi tunaona mlango ulikuwa wazi tangu ndani, ndipo wa nje akaingia.

Turudi Kihesa. Tuliandika katika daftari la kamati kwamba suala la fiqhi litaamuliwa na imamu baada ya kuwasikiliza wote, na la fedha litaamuliwa kwa kura za wajumbe. Mkinga akaomba yasomwe kila kikao kinapofunguliwa. Ile fedha ya maulidi imamu aliamua itengwe, ijengee uzio na vyoo. Yule kijana hadi leo hajaafiki, lakini ndiye aliyesimamia mafundi.