Duara, Mgawo na Marudio: Historia ya Istilahi za Ubunifu katika Machimbo ya Nyarugusu

Katika istilahi za biashara na uongozi kuna fungu moja la maneno ambalo halikosi kuleta ubishi kila linapojadiliwa. Ni yale yanayotaja njia ambazo watu hutumia ili kuibua fikra mpya pale biashara inapokwama. Aghalabu maneno hayo hutafutiwa Kiswahili chake mezani, kwa kuyatazama ya kigeni na kuyavika nguo za kwetu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba shughuli yenyewe ina historia yake hapa nchini, na kwamba mojawapo ya mahali inapoweza kuchunguzwa pamoja na maneno yake ni Nyarugusu, katika ukanda wa dhahabu wa Geita. Msomaji asipachanganye na Nyarugusu ya Kasulu, mkoani Kigoma, iliyojulikana kwa kambi ya wakimbizi.

Tuanze na neno lililozoeleka zaidi, yaani bungua bongo. Njia inayotajwa kwa neno hilo ilienezwa na Alex Osborn, Mmarekani aliyefanya kazi ya matangazo ya biashara mjini New York, ambaye aliifafanua katika vitabu vyake vya 1942 na 1953. Masharti yake yalikuwa machache: watu wakutane, kila mmoja atoe wazo lolote linalomjia, asikosolewe mtu mpaka mawazo yawe mengi, na wazo la mmoja liruhusiwe kuunganishwa na la mwingine. Walimu wetu waliipokea njia hiyo darasani na jina lake likakaa. Lakini kubungua ni kazi ya wadudu waharibifu wa nafaka. Mahindi yaliyobunguliwa hubaki maganda na unga, na hakuna mkulima anayeyafurahia. Yamkini aliyelitunga alifikiria namna mdudu anavyopenya ndani ya punje ngumu, wala hakufikiria hali ya punje baada ya mdudu kushiba. Neno limekwisha kuenea na sioni faida ya kuling'oa. Hata hivyo inafaa kukumbuka kwamba mwaka 1958 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale waliipima njia hiyo, wakaona kwamba watu waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakakusanywa, walitoa mawazo mengi kuliko wale waliokaa pamoja.

Njia nyingine ilitoka Umoja wa Kisovieti. Kuanzia mwaka 1946 Genrich Altshuller alichunguza hati za wavumbuzi kwa wingi, akafikia rai kwamba uvumbuzi wa maana huzaliwa pale mahitaji mawili yanapokinzana, na mvumbuzi akakataa kuchagua moja na kuacha la pili. Rai hii tuiweke akilini, kwa kuwa huko machimboni tutakutana nayo bila jina lake.

Habari za dhahabu kusini mwa Ziwa Victoria ziliandikwa na Wajerumani katika miaka ya 1890. Mgodi wa Sekenke, huko Iramba, ulifunguliwa mwaka 1909. Geita yenyewe ilipata mgodi mkubwa katika miaka ya 1930, nao uliendelea hadi 1966 ulipofungwa. Mitambo ilinyamaza, ila watu walibaki, na pamoja nao ulibaki ujuzi wa kusoma mwamba, wa kuzuia kuta za shimo zisiporomoke na wa kutenga dhahabu na mchanga. Inaelekea kwamba maneno kadhaa yenye asili ya Kiingereza yanayosikika machimboni hadi leo yaliingia kwa mikono ya vibarua wa wakati huo. Serikali iliunda Shirika la Madini la Taifa, yaani STAMICO, mwaka 1972, na katika miaka ya 1980 shirika hilo liliendesha mgodi wa Buckreef, usio mbali na Nyarugusu. Katika miaka hiyo hiyo, baada ya Sheria ya Madini ya 1979, wachimbaji wadogo waliongezeka sana, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 Benki Kuu ikawa inanunua dhahabu yao.

Tatizo la biashara la mchimbaji mdogo lilikuwa gumu kuliko la mwenye duka. Huchimba kwa wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kujua kama ataufikia mwamba wenye dhahabu, ambao wenyewe huuita mbale. Katika muda huo watu wanataka chakula, nyundo, tindo, kamba na miti. Benki haikopeshi kwa dhamana ya jiwe lisiloonekana. Mshahara nao hauwezekani, kwa maana hakuna fedha ya kuulipa mpaka jiwe litoke.

Jawabu lililopatikana ni mgawo. Mwenye leseni hutoa ardhi; mwenye duara hutoa chakula na zana, au humtafuta mfadhili wa kuvitoa; wachimbaji hutoa nguvu zao. Mawe yakitoka hujazwa katika mifuko, na mifuko hugawanywa papo hapo mbele ya macho ya wote. Fungu la mwenye leseni mara nyingi huwa karibu na theluthi, na yaliyobaki hugawanywa baina ya mwenye duara na wachimbaji kwa kadiri ya mapatano. Lililo muhimu ni kwamba mgawo hufanyika kabla jiwe halijasagwa. Wakati huo hakuna ajuaye kwa hakika mfuko upi una dhahabu nyingi na upi ni mtupu, basi ni vigumu kwa mtu kujipendelea. Kila mmoja huondoka na mifuko yake akaenda kuisaga mwenyewe. Ingekuwa dhahabu ndiyo inayogawanywa, pangehitajika mizani ya kuaminika, mlinzi wa kinu na mwandishi wa hesabu, na bado watu wangeshukiana. Hapa kutokujua, ambako ndiko kulikokuwa tatizo, kumegeuzwa kuwa mlinzi wa haki. Sijui kama kuna kikao chochote cha kubungua bongo kilichotoa jawabu safi kuliko hilo.

Sasa tulitazame neno duara. Kwa msomaji wa kawaida ni umbo la mviringo. Kwa mchimbaji ni shimo la kuchimbia, pamoja na watu wake na haki zake: mtu anaweza kumiliki duara, kuuza sehemu ya duara, au kufukuzwa duarani. Wengi hueleza kwamba jina limetokana na umbo la mdomo wa shimo. Maelezo hayo hayaniridhishi, maana mashimo mengi yaliyotegemezwa kwa miti yana pembe nne. Kamusi za zamani, zikiwemo za Steere na Johnson, zinalipa neno duara maana nyingine ambayo vijana wengi hawaijui, nayo ni chombo cha kuzungushia kamba ili kuinua vitu vizito. Chombo cha namna hiyo ndicho husimamishwa juu ya shimo ili kupandisha mifuko ya mawe. Naona njia hiyo ina nguvu zaidi: jina la chombo limelifunika shimo, kisha likawafunika watu na mkataba wao.

Ndani ya duara ndimo ule mkinzano wa Altshuller unapoonekana. Shimo jembamba hugharimu kazi kidogo, ila ni la hatari. Shimo pana lina nafasi ya kuimarishwa, lakini humaliza nguvu na fedha kabla mbale haijafikiwa. Wachimbaji walijibu kwa matimba, yaani miti inayopangwa kwa vipande vifupi, tabaka juu ya tabaka, kuzizuia kuta kwa kadiri shimo linavyoshuka. Neno limetokana na Kiingereza, ingawa tulikuwa na nguzo na boriti. Lakini nguzo husimama na boriti hulala juu ya kuta, ilhali matimba ni mpango mzima wa miti inayobanana, hivyo waliolikopa hawakukopa kwa uvivu.

Matimba yakioza au yakipunguzwa ili kuokoa gharama, watu hufa. Mwezi Novemba 2015, huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na mmoja wao akafariki baadaye. Mwezi Januari 2017 watu 15 walinaswa chini ya ardhi katika mgodi mmoja wa Nyarugusu yenyewe, nao wakaokolewa wote baada ya siku kadhaa. Onyo la usalama lililoandikwa kwa maneno ambayo mchimbaji hayatumii halimfikii. Mtu akiambiwa aimarishe “mihimili tegemezi ya kishimo wima” atadhani anasomewa habari za nyumba ya mtu mwingine.

Baada ya shimo huja karasha. Zamani mawe yalitwangwa kwa mkono, kazi iliyochosha na kuwajaza watu vumbi mapafuni. Kisha vikaja vinu vya chuma vyenye mipira mizito ndani, vinavyozungushwa na injini. Kinu hicho ndicho kinachoitwa karasha. Mhandisi atapinga, kwa kuwa jina hilo kwa asili ni la mashine ya kuvunja mawe, na hii husaga. Pingamizi lake ni la haki. Mawe yaliyosagwa hupelekwa mwaloni, ambako mchanga hupitishwa kwa maji juu ya ubao uliotandikwa magunia au vitambaa vinavyonasa chembe nzito. Wavuvi wa Ziwa Victoria huita mwalo mahali wanaposhushia samaki, na inaelekea wachimbaji walilichukua neno ziwani na kulipandisha mlimani.

Zebaki hukamata sehemu tu ya dhahabu iliyomo, na nyingine hubaki mchangani. Mchanga huo huitwa marudio. Mwenye karasha alitambua kwamba mteja hana fedha ya kulipia usagaji, akaona vilevile kwamba mchanga unaoachwa una thamani. Basi husaga kwa malipo madogo, pengine bila malipo, kwa sharti kwamba marudio yabaki kwake. Baadaye huyachenjua kwa sayanidi katika matangi makubwa na kupata dhahabu ambayo mteja hakuiona. Je, huo ni werevu wa biashara au ni ujanja? Naona ni vyote viwili, kwa kuwa mteja mara nyingi hajui kiasi anachokiacha. Zebaki nayo ina deni lake: Tanzania iliuridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, lakini kuichoma mahali pa wazi hakukukoma kwa sababu ya saini.

Linganisha marudio na makinikia, neno lililoenea nchi nzima mwaka 2017, wakati serikali ilipozuia mchanga wa madini kusafirishwa nje na makontena 277 yakachunguzwa bandarini Dar es Salaam. Makinikia lina sura ya makini, kana kwamba mtungaji alifuata neno la Kiingereza lenye maana mbili, akashika ile ya kukaza fikra. Marudio halihitaji mkalimani, kwani kila mtu anajua kurudia.

Jambo hili si la wapenda maneno peke yao. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Shauri la mgawo likifikishwa mbele ya hakimu, mmoja atadai duara kwa maana ya shimo, na mwenzake kwa maana ya ubia. Mteja atadai mchanga wake, na mwenye karasha atajibu kwamba marudio hayamo katika neno mchanga. Kamusi zetu zikinyamaza, hakimu atabuni maana yake mwenyewe, na maana hiyo itamnyang'anya mtu mmojawapo mali yake.

Kwa sababu hiyo napendekeza duara liingizwe lenye vidahizo viwili, cha shimo na cha ubia. Matimba na mgawo yakubaliwe kama yalivyo. Na marudio yapewe maana ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu ya kwanza na ambao bado una thamani. Kwa jina la jumla la shughuli yote hii, uvumbuzi linatosha. Vumbika ni kufukia, kama watu wanavyofukia ndizi zipate kuiva, na vumbua ni kinyume chake, kukitoa kilichofukiwa. Kuhusu karasha bado nasita: kinu ndilo sahihi, ila sijamsikia mchimbaji akilitumia.